Mzee Aliyepiga Magoti Kutafuta Ganda la Risasi

Mbogo alikuwa ameanguka hatua kama 60 mbele yetu. Traka, yule anayefuata nyayo za mnyama, alishamgusa jicho kwa ncha ya mti mrefu, hakupepesa. Watu wakaanza kupeana mikono. Askari wa wanyamapori akatoa daftari lake akaandika saa na mahali.

Mgeni wetu hakuwa kwenye kundi la kupeana mikono.

Alikuwa nyuma, pale pale alipopigia, bunduki imeshatolewa risasi na kuegemezwa kwenye mgunga, yeye mwenyewe yuko chini kwa magoti na viganja, anapapasa majani makavu kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa. Mzee wa miaka 76, kutoka Texas.

Nikamfuata. "Mzee, umepoteza nini?"

"Ganda," akanijibu. "Nimepiga mbili, mkononi ninalo moja."

Risasi ya kwanza ndiyo iliyomaliza kazi, ya pili ilikuwa ya desturi, maana mbogo haaminiki hata akiwa amelala. Alipovuta bolti ili apige ya pili, ganda la kwanza liliruka kulia na kuzama kwenye nyasi. Basi tukalitafuta. Jua la saa nne la pori la Maswa lilikuwa limeshakaza, mbung'o wanatukalia mgongoni, na mimi pia nimepiga magoti. Dakika 20 kamili. Nililiona mimi, limejibanza kwenye shina la kichaka cha miiba, bado lina harufu kali ya baruti. Mzee akalipangusa kwa pindo la shati, akalitazama kwenye mwanga, akalitia kwenye kiboksi chake cha plastiki cha kijani, kila ganda na tundu lake.

Mimi ndiye ninayeshika fedha za kambi, kwa hiyo ankara za wageni zinapita mikononi mwangu. Siku moja ya uwindaji wa mbogo inamgharimu mgeni zaidi ya dola 1,000, na hapo hujagusa ada ya mnyama wala vibali. Ganda jipya la aina ile ni dola 3, hata shilingi elfu kumi halifiki.

Mtu anayelipa hivyo anatambaaje kwenye majani kwa ajili ya hiki?

Nilirudi Arusha na swali hilo. Leo ni wiki ya saba, na ndiyo maana naandika.

## Kushindilia

Babu yangu, Sikonge, alikuwa na gobole. Wanaotoka kule Tabora hawahitaji maelezo: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unatia golori au kipande cha chuma, unashindilia kwa ufito, kisha unaweka fataki kwenye chuchu yake. Kila mlio unautengeneza mwenyewe. Babu hakupiga ovyo, kwa sababu kila mlio ulikuwa na jasho lake.

Kwa hiyo mzee aliponieleza usiku ule, tukiwa tumekaa motoni, kwamba risasi zake anazitengeneza mwenyewe kwenye banda la gari nyumbani kwake, neno lililonijia lilikuwa hilo hilo. Anashindilia.

Risasi ya kisasa ni vitu vinne tu: ganda, fataki ya kuwasha baruti kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Ukipiga, fataki imekufa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Ganda linabaki. Ni shaba iliyochanganywa na zinki, sehemu 70 kwa 30, na katika vitu vyote vinne mara nyingi ndilo lenye bei kubwa. Mwenye mashine ya mkono na kalibu zake anaweza kulirudisha kwenye umbo lake, akalitia fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani, na kichwa kipya. Kule Marekani watu wengi wanafanya hivyo na sheria zao zinawaruhusu.

Alianza mwaka 1974. Alikuwa fundi umeme kijana, ana mke na mtoto mchanga, na pakiti ya risasi dukani ilimfanya achague kati ya mazoezi na nyama ya wiki. Akanunua mashine ya mitumba. Hesabu zake zote, tangu mwaka huo, ameziandika kwenye madaftari, na daftari la karibuni huwa analibeba safarini.

Nikamwomba nilione.

## Daftari

Mwandiko mdogo, wa penseli. Kila ukurasa una tarehe, aina ya risasi, idadi, bei ya kila kitu. Mimi napenda daftari linalotunzwa vizuri, na hili lilinifanya nisogeze taa karibu.

Kwenye kurasa za nyuma, za kabla ya mwaka 2020, fataki 1,000 alikuwa anazinunua kwa dola 30 na kitu, na pauni ya baruti kwa dola 25 au 30. Kisha kunakuja miezi ambayo hakuna kilichoandikwa isipokuwa neno moja linalojirudia: hakuna, hakuna, hakuna.

Ule ulikuwa mwaka wa korona. Wamarekani kwa mamilioni walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, risasi zikaisha madukani, na viwanda vya kule vinavyotengeneza fataki, ambavyo vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vikaziweka kwanza kwenye risasi zao wenyewe. Kimojawapo, Remington, kilikuwa kinafilisika mwaka huo huo. Mtu wa bandani akawa wa mwisho kwenye foleni. Zilipoanza kupatikana tena, fataki 1,000 ziliandikwa kwa zaidi ya dola 100. Sasa zimeshuka hadi dola 80 hivi, lakini ile bei ya dola 30 mzee haitegemei tena.

Baruti ikafuata. Vita ya Ukraine ilipopamba moto kuanzia mwaka 2022, viwanda vya mizinga vikaanza kugombea nitroselulosi, na baruti ya bunduki inatengenezwa kwa hiyo hiyo. Pauni iliyokuwa dola 25 kwenye daftari lake sasa imeandikwa 50.

Nitroselulosi hutengenezwa kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya naitriki. Pamba hii hii. Siku tuliyokuwa tunaingia kambini tulipishana na malori ya pamba ya Meatu na Bariadi, marobota yamefungwa kamba, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba kando ya barabara. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa, ila lilinigusa. Mkulima wa Simiyu analia bei ya pamba, na mzee wa Texas analia bei ya baruti, na katikati yao kuna vita.

"Kwa hiyo bado inaokoa?" nikamuuliza.

Akakuna kidevu. "Hiyo hesabu kaifanye wewe. Wewe ndiye mhasibu."

## Hesabu niliyoifanya Njiro

Niliifanya. Jumamosi moja baada ya chai, mezani kwangu Njiro, hapa Arusha, na bei zake nilizokuwa nimezinakili.

Nilianza na risasi ndogo, ile ya bastola ya milimita 9 ambayo huko kwao inapigwa kuliko zote. Kichwa senti 10. Fataki senti 8. Baruti senti 3. Ganda bure, maana anaokota. Jumla senti 21. Dukani anaipata kwa senti 25.

Senti 4.

Mashine, kalibu, mizani na vikorokoro vyake ukianza leo hukosi kutoa kama dola 800. Gawanya 800 kwa senti 4. Unatakiwa utengeneze risasi 20,000 ndipo urudi kwenye sifuri. Na kwa mashine yake ya mkono, inayofanya kazi hatua moja moja, akizitengeneza 50 kwa saa amejilipa dola 2. Hapo sikuhitaji kufikiri zaidi. Kwa risasi ndogo, kushindilia hakuokoi tena. Kuliokoa zamani, bei zilipokuwa zile za kurasa za nyuma.

Nikahamia kwenye ile iliyomwangusha mbogo, .375 Holland & Holland; hiyo namba ni kipenyo cha risasi kwa inchi. Ilitoka London mwaka 1912, na hadi leo ndiyo kipimo chetu: kwa mbogo, bunduki ya chini ya .375 hairuhusiwi. Kichwa kizuri cha mbogo, dola 1.70. Pauni ya baruti ina grein 7,000, na risasi kubwa namna hii inakula zaidi ya 70, kwa hiyo pauni moja inatoka na risasi 90 na kitu: senti 54 kwa kila moja. Fataki senti 9. Ganda la dola 3, likitumika mara 5, senti 60.

Dola 2.93.

Dukani, risasi ya daraja hilo hilo anaandika dola 6. Anaokoa dola 3 kwa kila moja, na dola 800 zake zinarudi baada ya risasi kama 260.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga upande wa pili wa meza. Akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye kazi ya hesabu, nilikuwa nimelipita. "Na saa zake umezihesabu?"

Nikazihesabu. Kwa kubwa hizi mzee hana haraka, anamaliza 20 kwa saa. Mara dola 3. Ni dola 60 kwa saa. Fundi umeme mstaafu halipwi vibaya kwa hiyo.

Basi jibu likawa limepatikana: ndogo hapana, kubwa ndiyo. Nikafunga kompyuta nikajiona nimemaliza.

Usiku sikulala vizuri.

## Mia mbili kwa ishirini

Kilichoniamsha ni safu moja ya daftari ambayo sikuiingiza kwenye hesabu. Idadi kwa mwaka.

Mzee alikuwa anapiga .375 yake mara 200 kwa mwaka. Ni bunduki inayosukuma bega, si mchezo. Anapiga akiwa amesimama, anapiga akiwa ameegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja kama tunavyofanya porini, anapiga akiwa ametoka kupanda ngazi mbio ili moyo uwe unadunda.

Sasa tazama. Mgeni wa kawaida, anayenunua dukani, anachukua pakiti moja ya risasi 20 kwa dola 120. Kumi anarekebishia darubini, kumi anakuja nazo. Mzee anapiga 200 kwa dola 3, anatumia dola 600.

Nani kaokoa?

Ukiangalia pochi, ni yule wa pakiti moja. Mzee ametoa mara 5 zaidi yake. Wanaoshindilia wenyewe wanalijua hili na wanaambizana: hutatumia pesa kidogo, utapiga nyingi zaidi kwa pesa ile ile. Nilikuwa nimehesabu bei ya risasi moja nikasahau kuhesabu mtu. Na nilikuwa na daftari jingine, la kwetu, ambalo lingenipa jibu mapema kama ningelifungua.

## Kichaka cha mwaka juzi

Hili sipendi kulisimulia, lakini bila hili makala haina maana.

Mwaka juzi tulikuwa na mgeni mwingine. Simtaji wala nchi yake. Mtu mpole, mkarimu kwa wafanyakazi, bunduki yake mpya na nzuri kuliko tulizozizoea. Siku ya kwanza, kwenye shabaha ya kambini, mwindaji bingwa wetu alimwomba apige tano. Akapiga mbili akasita. Akasema risasi zake ni ghali, kila moja kama dola 7, hawezi kuzichezea kwenye karatasi.

Siku ya tatu alimpiga mbogo nyuma mno, tumboni.

Mbogo aliyejeruhiwa hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye msitu mzito, na akifika humo anageuka, anasimama kimya, anasubiri waliomfuata. Tulimfuata siku hiyo hadi giza, tukaamka tukaendelea. Anayetangulia kwenye kazi hiyo ni traka. Mkononi ana kijiti. Macho yake yako chini kwenye tone la damu na jani lililokanyagwa, na wenye bunduki wako nyuma yake au ubavuni.

Alitoka kushoto. Mwindaji bingwa alimwahi, lakini traka alikuwa ameshapigwa pembe kwenye paja na kurushwa.

Nilikuwa kambini gari lilipofika. Nakumbuka turubai lililofungwa mguu wake, rangi ya kaki ilivyogeuka nyeusi. Nakumbuka nikisema na rubani kwa redio huku mkono wangu unatetemeka. Alipona. Alilala hospitali wiki nyingi, na leo anatembea, anafanya kazi, ila asubuhi za baridi huwa anachukua muda kabla mguu haujakubali.

Mgeni yule alilipia kila kitu bila kubishana. Alilia mbele yetu. Sina kinyongo naye. Lakini mtu yule alikuwa ameokoa dola 7 mara tatu.

## Waya

Narudi kwa mzee, kwa sababu kuna jambo la usiku ule motoni nililiruka.

Baada ya chakula alileta kile kiboksi cha kijani na waya mwembamba uliokunjwa ncha kama ndoano. Akachukua ganda lile tulilolitambalia, akaingiza waya ndani kupitia mdomoni, akaukokota taratibu ukutani kuelekea kitakoni. Risasi za .375 zina mkanda, pete nene ya shaba chini kabisa. Juu kidogo ya mkanda ule waya ukasita.

Akarudia. Ukasita tena, pale pale.

Akanipa nijaribu. Ukitelezesha husikii kitu, laini, laini, halafu ncha inanasa kwa kiasi cha unywele, kama ukucha unavyonasa kwenye ufa wa kikombe. Nje hapakuwa na alama ila mstari hafifu unaong'aa ukiugeuzia mwanga wa moto. Ukuta wa shaba umeanza kuchanika kwa ndani. Ganda likiendelea kutumika, iko siku litakatika vipande viwili ndani ya bunduki, kitako kitoke na mwili ubaki umekwama, na mbogo bado amesimama.

"Hili limepigwa mara mbili tu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Moja nyumbani, moja leo. Halikupaswa kufika hapa."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanieleza kosa, na alilieleza kama lake: kalibu yake alikuwa ameikaza kupita kiasi, inalisukuma bega la ganda nyuma kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo kila likipigwa linavutika upya, na linavutikia juu ya mkanda.

Akachukua koleo akaubana mdomo wa ganda hadi ukafa, asije mtu akalitumia. Zile risasi nyingine 18 alizokuja nazo, za fungu hilo hilo, nzima, akazifunga kwa utepe mweusi na kuandika juu yake asizipige. Alikuwa na pakiti moja ya dukani mkobani. Siku zote zilizobaki alitumia hiyo.

Dakika 20 za kutambaa, kisha koleo.

Mara ya kwanza niliposimulia tukio hili Arusha watu walicheka, wakasema mzee kapoteza muda wake. Na mimi nilikaribia kukubaliana nao. Ilinichukua wiki kadhaa kuona kwamba ganda lile lilikuwa limefanya kazi yake yote. Bila kulitafuta huenda asingelijua kosa la kalibu yake. Zile 18 zingebaki mkandani mwake, na yupo mtu angetangulia mbele ya bunduki hiyo.

## Kwetu

Kuna mtu atauliza mashine hizo zinauzwa wapi hapa mjini. Usiulize. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa kutengeneza risasi, na banda la nyuma ya nyumba halitapewa. Risasi zetu tunazinunua kwenye duka lenye kibali, kwa leseni, na zinaandikwa. Na hata kama ingeruhusiwa, mwenye bunduki moja ya kulinda shamba anayepiga risasi chache kwa mwaka asingeirudisha ile dola 800 maishani mwake.

Hesabu hii ni ya kwao. Matokeo yake ndiyo yanatua KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro.

Yanatua kwenye kisanduku cha kufuli, kimepimwa kisizidi kilo 5 kama mashirika mengi ya ndege yanavyotaka, na polisi wanakihesabu risasi kwa risasi. Tunajua idadi aliyokuja nayo kila mgeni. Hatujawahi kujua idadi aliyoipiga kabla ya kuja.

Na hapo ndipo bei ya fataki na pamba inaponisumbua kwa dhati. Ukurasa wa mwisho wa daftari la mzee haukuwa tena na 200. Mwaka jana alipiga 120. Mwaka huu, kabla ya safari, 80. Nilimuuliza kama ni uzee. Akasema bega bado linamruhusu, ni bei. Pensheni ni ile ile, baruti imekuwa mara mbili, kwa hiyo kinachopungua ni karatasi zenye matundu.

Huyo ni mtu anayejitengenezea. Anayenunua za dukani amepunguza kiasi gani?

## Mstari wa kumi na moja

Barua tunayowatumia wageni kabla ya msimu ina maswali kumi. Kimo, uzito, chakula asichokula, dawa anazotumia, aina ya bunduki. Mwezi uliopita, kwa idhini ya wakubwa wangu, niliongeza la kumi na moja: ndani ya miezi 12 iliyopita umepiga risasi ngapi kwa bunduki utakayokuja nayo, na ngapi kati ya hizo ukiwa umesimama?

Walioandikiwa ni wageni watatu waliobaki mwaka huu.

Wa kwanza alijibu siku hiyo hiyo: 140, na 90 za kusimama. Naye anashindilia mwenyewe, akaeleza kwa aya nzima bila kuulizwa. Wa pili alijibu 60.

Wa tatu aliandika: 6.

Nilimpelekea traka karatasi, kwa sababu niliona ni haki yake kuiona. Alikuwa ofisini, amekuja kuchukua buti mpya. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Huyu anataka mbogo?"

"Anataka mbogo."

Nikamwandikia mgeni. Nilimweleza kwa heshima yote kwamba ningefurahi apate muda wa mazoezi kabla ya kusafiri. Akajibu kwamba angependa, lakini risasi za bunduki yake zimepanda sana. Jana usiku nimemwandikia tena, barua ndefu kuliko zote nilizowahi kumwandikia mgeni. Nimemwekea hesabu ya pakiti tatu za dukani kando ya ada ya mbogo, ambayo atailipa yote hata akimjeruhi tu na kumpoteza. Nimemwandikia kwamba kama bei inamzuia kabisa, yapo mazoezi ya risasi ndogo, nafuu, akiwa amesimama kwenye fimbo tatu. Na aya ya mwisho nimeandika habari za paja la mtu mmoja, bila jina.

Anatua wiki ya pili ya Oktoba.

Leo asubuhi, kabla sijafika ofisini, traka alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama amejibu.